Urefu wa Wasifukazi: Kurasa Ngapi Zamtosha Mwombaji Kazi?

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake sokoni Kibuye, ambapo mnunuzi humshika ngege mkononi, akamfunua mashavu na kujua kama alivuliwa usiku huo au juzi. Katika soko la ajira, hata hivyo, chema hakijiuzi. Mwajiri hamwoni mwombaji. Aonacho ni karatasi. Karatasi hiyo isiposema, mwombaji naye huwa hajasema, hata akiwa ndiye bora kuliko wenzake wote.

Kila baada ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Maseno, na ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, vijana wengi waliovua majoho huelekea mjini Kisumu wakiwa na bahasha za kaki mikononi. Kituo chao cha kwanza aghalabu huwa ni kibanda cha saiba, pale wanapochapishiwa barua na wasifukazi. Swali linalowasumbua ni lile lile: uwe wa kurasa ngapi? Wapo wanaoshikilia kwamba ukurasa mmoja unatosha kwa kuwa waajiri hawana muda. Wapo pia wanaoamini kwamba mwenye kurasa sita humtisha mwenye kurasa mbili, kama vile wingi wa karatasi ni wingi wa elimu.

Suala hili si la mapambo ya uandishi tu. Anayetoka Usenge, Mbita au Kendu Bay kupeleka maombi mjini hutumia nauli ambayo mara nyingi imekopwa. Kila ukurasa huchapishwa kwa fedha, na kila tangazo la kazi lina siku ya mwisho ambayo ikipita hairudi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba urefu wa wasifukazi hauamuliwi na desturi wala na woga, bali na mambo mawili: kile ambacho tangazo la kazi limeuliza, na ushahidi ambao mwombaji anao wa kujibu. Kwa mhitimu wa kawaida, mambo haya mawili yakizingatiwa, jibu huangukia kwenye kurasa mbili. Hata hivyo, zipo kazi ambazo kurasa hizo ni chache mno, na zipo nyingine ambazo wasifukazi hausomwi kabisa.

Istilahi na maana yake

Katika Kiswahili, hati hii haijapata jina moja. Katika shule za Kenya, wanafunzi wa somo la insha huifahamu kwa majina ya wasifukazi, tawasifukazi na wasifu-taala. Nchini Tanzania, matangazo ya kazi za umma yamezoea kuiita maelezo binafsi, na mara nyingi huongeza sharti kwamba maelezo hayo yawe "yanayojitosheleza". Jina la Kilatini linalofupishwa kuwa CV lina maana ya mwendo wa maisha.

Tofauti ya majina haya inaficha tofauti ya fikra. Anayefuata maana ya Kilatini ataandika mwendo wote wa maisha yake, tangu chekechea hadi siku ya kuandika. Anayefuata neno wasifukazi ataeleza sifa zake zinazohusiana na kazi, basi. Neno la Watanzania ndilo linalokaribia zaidi jibu la swali letu. Maelezo yanayojitosheleza ni yale ambayo msomaji akiyamaliza hahitaji kuuliza swali la msingi, wala hajalazimika kupita mambo asiyoyahitaji. Kujitosheleza si kurefuka, na wala si kufupika.

Kipande: wasifukazi uliovaliwa shingoni

Ni vyema kukumbuka kwamba historia ya ajira katika nchi hii haikuanza na mfanyakazi kujieleza mwenyewe. Ilianza na mfanyakazi kuelezwa na mwajiri. Sheria ya usajili wa Waafrika iliyopitishwa mwaka wa 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi kubeba kipande. Karatasi hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na jina, kabila, wilaya na alama za vidole vya mwenyewe. Aidha, mlikuwa na jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza na ya kuachishwa, pamoja na saini ya mwajiri huyo. Aliyeondoka kazini bila saini alihesabiwa kuwa mtoro na angeweza kusakwa.

Kipande kilikuwa kifupi kuliko wasifukazi wowote wa leo, lakini kiliamua maisha ya mtu. Mwajiri mpya aliusoma mshahara wa zamani na kujua kiwango ambacho hangehitaji kukizidisha. Mwenye kipande hakuwa na nafasi ya kuongeza hata neno moja juu ya ufundi alioujua. Haishangazi kwamba kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowakusanya watu wa Nyanza huko Lundha, Gem, mwezi wa Desemba mwaka wa 1921. Mkutano huo ndio uliozaa chama cha Young Kavirondo Association, ambacho wenyeji walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Historia hii ina funzo kwa mhitimu wa leo. Wasifukazi ni hati ya kwanza ya ajira ambayo mfanyakazi huiandika kwa mkono wake na kwa hiari yake. Ni yeye anayechagua la kusema na la kuacha. Kijana anayemwachia mhudumu wa saiba kiolezo kilichokwisha kujazwa, ili abadilishiwe jina na nambari ya simu pekee, anaisalimisha haki hiyo. Matokeo yake ni kwamba mwajiri mmoja anaweza kupokea maombi ya watu kumi kutoka mtaa mmoja, wote wakiwa na "lengo la kikazi" lenye maneno yale yale na uraibu ule ule wa kusoma riwaya na kupata marafiki wapya.

Nani husoma, na husoma vipi?

Hakuna awezaye kuamua urefu wa hati bila kumjua msomaji wake. Katika ukanda wa Ziwa, wasomaji wa maombi ya kazi wanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni lile la waajiri wa umma wanaotumia fomu. Tume ya Utumishi wa Umma ina fomu yake ya maombi, na huyapokea maombi mengi kupitia mtandao. Mwombaji hujaza viwango vya elimu, miaka ya kazi na uanachama wa vyama vya kitaaluma katika nafasi zilizotengwa. Tume ya Huduma kwa Walimu nayo huwapanga waombaji wa nafasi za ualimu kwa alama, na miongoni mwa vigezo vinavyozingatiwa ni matokeo ya masomo na muda uliopita tangu mtu afuzu. Kwa hiyo, mhitimu wa shahada ya elimu anayeutafutia wasifukazi wake kurasa za ziada ili aajiriwe na tume hiyo anatwanga maji kinuni. Juhudi zake zielekezwe katika kujaza fomu bila kosa na kuviweka vyeti vyake tayari.

Kundi la pili ni la bodi za kaunti. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ndiyo inayotangaza nafasi na kuwateua wafanyakazi wa kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012. Maombi hupimwa kwa kuyalinganisha na masharti ya tangazo. Anayepima huwa na orodha: shahada inayotakiwa, miaka ya tajiriba, usajili wa kitaaluma, ujuzi wa kompyuta. Hutafuta kila kipengele na kukitia alama. Kipengele kilicho katika ukurasa wa tano, katikati ya aya ndefu, chaweza kupitwa. Kipengele kisichoandikwa hakina alama, hata kama mwombaji anacho.

Kundi la tatu ni la mashirika yasiyo ya kiserikali, taasisi za utafiti na kampuni kubwa. Baadhi yao huyapokea maombi kwa barua pepe au kupitia programu za kompyuta zinazochuja kwa maneno. Programu kama hiyo inaweza kushindwa kuyasoma maandishi yaliyofungiwa ndani ya majedwali, visanduku na picha. Hapa wasifukazi uliopambwa hushindwa na ule ulioandikwa wazi, hata kama yote miwili ina urefu sawa.

Kundi la nne, ambalo wahitimu wengi hulidharau, ni la mwalimu mkuu wa shule ya mashambani anayemtafuta mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, la mwenye duka la dawa Kondele, na la msimamizi wa hoteli iliyo karibu na ufuo wa Dunga. Wasomaji hawa husoma wakiwa wamesimama, wateja au wanafunzi wakiwasubiri. Kwao ukurasa mmoja ulio bayana, wenye masomo ya kufundisha au kazi inayoombwa juu kabisa, ni msaada mkubwa.

Kurasa ngapi, basi?

Kutokana na maelezo hayo, makadirio yafuatayo yanaweza kutolewa.

Aliyehitimu juzi, ambaye tajiriba yake ni mafunzo ya nyanjani na kazi za muda, anaweza kujieleza kikamilifu katika ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Asione haya kwa ufupi huo, kwani anayeomba nafasi ya mwanzo hatarajiwi kuwa na historia ya mzee. Aliyefanya kazi kwa miaka kati ya mitatu na kumi anahitaji kurasa mbili. Meneja, mhandisi aliyesajiliwa au mtaalamu wa afya mwenye miaka mingi ya kazi anaweza kufika kurasa tatu, ilmradi ukurasa wa tatu uwe na jambo ambalo tangazo limeliuliza.

Nje ya Afrika Mashariki, desturi hutofautiana lakini mwelekeo ni huo huo. Nchini Uingereza, kurasa mbili ndizo zilizozoeleka. Nchini Marekani, kampuni nyingi za kibinafsi hupendelea ukurasa mmoja kwa waombaji chipukizi. Serikali kuu ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilipokea maelezo marefu, iliweka kikomo cha kurasa mbili mwaka wa 2025. Mhitimu wa Kisumu anayeomba nafasi ng'ambo hana budi kuisoma desturi ya nchi anakoomba.

Ikumbukwe kwamba kurasa hizi ni za maandishi yanayosomeka. Anayepunguza herufi hadi ukubwa wa nane ili kurasa nne ziwe mbili hajafupisha chochote. Amemwongezea msomaji taabu tu. Herufi za ukubwa wa 11 au 12, pambizo la kutosha na nafasi kati ya sehemu ni sehemu ya adabu ya hati. Aidha, anayewasilisha nakala za karatasi aandike jina lake na nambari ya ukurasa juu ya kila ukurasa, kwani karatasi za waombaji mia moja zikikorogeka mezani, ukurasa usio na jina ni ukurasa wa yatima.

Mambo yanayorefusha bila faida

Wasifukazi mwingi unaozidi kurasa mbili hauzidi kwa sababu ya tajiriba. Huzidi kwa sababu ya mazoea. Mazoea hayo ni machache na yanajulikana.

La kwanza ni maelezo ya kibinafsi yanayochukua nusu ya ukurasa wa kwanza: dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, kabila, nambari ya kitambulisho, hata kimo na uzani. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamkataza mwajiri kumbagua mwombaji kwa misingi kama vile jinsia, dini, asili ya kikabila, ulemavu, ujauzito au hali ya virusi vya UKIMWI. Kwa nini basi mwombaji ampe mwajiri, bila kuulizwa, habari ambazo sheria inamkataza kuzitumia dhidi yake? Ni kweli kwamba baadhi ya fomu za umma huuliza kabila na ulemavu. Sababu yake ni kwamba sheria yenyewe hudai uwiano. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 inataka taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Nayo sheria ya kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kiwango cha kuingilia kazini ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Habari hizo zitolewe panapoulizwa, katika fomu iliyoziuliza.

Kuna sababu nyingine ya tahadhari. Wasifukazi ulioachwa katika kompyuta ya saiba una jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho na ya simu, yaani kila kitu ambacho tapeli angehitaji. Ijapokuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, mlinzi wa kwanza wa habari hizi ni mwenyewe. Kadiri anavyoandika machache, ndivyo anavyokuwa na machache ya kuibiwa. Na akimaliza kazi yake, aifute faili kabla ya kuondoka.

La pili ni historia ya elimu inayoanzia shule ya msingi. Mwenye shahada hahitaji kutaja alama za mtihani wa KCPE, ambao hata hivyo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Elimu ipangwe kuanzia ya juu kabisa kushuka chini, na isishuke chini ya KCSE ila tangazo likiagiza.

La tatu ni orodha za majukumu zinazorudiwa. Hili huwapata hasa waliofanya kazi katika miradi ya afya katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Ajira ya miradi huja kwa kandarasi fupi: mradi mmoja hufungwa, mwingine hufunguliwa kwa jina jipya, na mfanyakazi yule yule huendelea na kazi ile ile ya kuwafuatilia wagonjwa au kuingiza takwimu. Mapema mwaka wa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha ufadhili wa miradi mingi ya kigeni, wafanyakazi wenye ujuzi mkubwa walijikuta wakiitafuta kazi tena. Anayeandika miradi minne na kuirudia orodha ya majukumu manane chini ya kila mradi anajaza kurasa tatu na kusema jambo moja. Ni heri aiunganishe chini ya cheo kimoja, ataje majina ya miradi na miaka yake, kisha aeleze kazi mara moja na kuonyesha jinsi wajibu ulivyoongezeka.

La nne ni uraibu na lengo la kikazi. Mambo haya yanaweza kuachwa kabisa. Uraibu utajwe tu ikiwa una ushahidi ndani yake: kuogelea si uraibu tu kwa anayeomba kazi ya uokoaji ziwani.

La tano ni kuambatanisha kila cheti, pamoja na vile vya semina ya siku moja. Hali kadhalika, wahitimu wengi hukimbilia kulipia vyeti vya kuidhinishwa na taasisi mbalimbali hata kabla ya kuitwa. Marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyofanywa mwaka wa 2022 yanamzuia mwajiri kumdai mtu vyeti hivyo isipokuwa awe anakusudia kuingia naye katika mkataba wa kazi. Tangazo lisomwe kwa makini ili ijulikane kinachotakiwa sasa na kitakachotakiwa baadaye.

Mambo yanayoachwa ilhali yana uzito

Jambo la kusikitisha ni kwamba wasifukazi huo huo uliojaa yasiyohitajika mara nyingi huacha yanayohitajika. Vijana wa ukanda wa Ziwa hufanya kazi nyingi ambazo wao wenyewe hawazihesabu kuwa kazi, kwa kuwa hazikuwa na ofisi wala barua ya uteuzi.

Tuchukue mfano wa kijana ambaye, akisubiri kujiunga na chuo, alikuwa mwandishi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho wavuvi hukiita BMU. Kila alfajiri alipima mbuta na ngege walioshushwa, akaandika uzani na majina ya mashua, na mwishoni mwa mwezi akayapeleka maandishi hayo kwa afisa wa uvuvi. Katika wasifukazi wake hakuna hata sentensi moja juu ya hayo. Badala yake ameandika kwamba yeye ni "mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma". Sifa hizo tatu hazimthibitishii msomaji lolote. Sentensi moja ingetosha: "Niliweka daftari la samaki walioshushwa ufuoni kwa miezi 18 na kuandaa ripoti ya kila mwezi kwa afisa wa uvuvi." Ndani yake mna uaminifu, mna bidii, mna takwimu na mna muda.

Vivyo hivyo kwa binti aliyemsaidia mamake kuuza omena sokoni na kuandika hesabu za mikopo ya wateja. Kwa mweka hazina wa chama cha akina mama. Kwa aliyehesabu watu katika sensa ya mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 akitumia kishikwambi. Au kwa karani wa kituo cha kupigia kura katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022. Haya yote ni tajiriba. Kila moja iandikwe kwa mpangilio rahisi: kazi gani, wapi, lini, kiasi gani, na matokeo yake yalikuwa yapi. Anayeandika namna hii hugundua kwamba ukurasa mmoja aliodhani kuwa mtupu umejaa.

Hapa ndipo hoja ya urefu inapopindukia upande wa pili. Wapo waombaji ambao wasifukazi wao unapaswa kurefushwa. Ufupi unaotokana na kujidharau una hasara sawa na urefu unaotokana na kujisifu.

Pale ambapo kurasa nyingi ni halali

Kuna nyanja ambazo kanuni ya kurasa mbili haifai. Ya kwanza ni ajira ya wahadhiri. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka wa 2014 vinaambatanisha uteuzi na upandishaji vyeo na machapisho, usimamizi wa tasnifu na tajiriba ya ufundishaji. Mhadhiri anayeliacha chapisho moja anaacha alama. Kwa hiyo wasifukazi wa profesa ukifika kurasa ishirini si majivuno. Ni hesabu inayodaiwa. Hata hivyo, muhtasari wa ukurasa mmoja mwanzoni humsaidia msomaji kuijua njia.

Ya pili ni kazi za ushauri wa kitaalamu, ambapo mteja hutaka kuona kila kazi inayofanana na ile anayoitangaza.

Ya tatu inawahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Mfasiri, mkalimani au mhariri hupimwa kwa kazi alizozifanya. Njia bora ni kuwa na wasifukazi wa kurasa mbili pamoja na kiambatisho cha orodha ya tafsiri, kikionyesha aina ya matini, lugha husika na idadi ya maneno. Kadhalika, mwanafunzi wa Kiswahili ajizoeze kuandika hati hii katika lugha anayoisomea. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010, na tangu mwaka wa 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Itakuwa aibu mhitimu wa Kiswahili akiombwa maelezo yake kwa Kiswahili aanze kutapatapa akiyatafuta maneno ya tajiriba, warejelewa na mafunzo ya nyanjani.

Urefu na ukweli

Jambo la mwisho ni la maadili. Anayeamini kwamba lazima ajaze kurasa nne atajaribiwa kuzijaza kwa chochote. Kozi ambayo hakuimaliza huandikwa kana kwamba aliimaliza. Miezi mitatu hugeuka mwaka. "Msaidizi" hugeuka "msimamizi". Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hufika siku ya kufunguliwa. Mwezi wa Februari mwaka wa 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya wafanyakazi wa taasisi za umma ulikuwa umefichua zaidi ya watu 2,000 waliopata kazi kwa vyeti vya kughushi. Waliopatikana hawakupoteza kazi tu. Walikabiliwa na uwezekano wa kushtakiwa na kudaiwa mishahara waliyopokea.

Kila mstari wa wasifukazi ni swali la mahojiano linalosubiri kuulizwa. Mwandishi ajiulize: je, nikiombwa kulieleza jambo hili kwa dakika mbili mbele ya watu watano, nitaweza? Asipoweza, mstari huo ufutwe. Kipimo hiki kimoja hufupisha hati nyingi kuliko kanuni yoyote ya kurasa. Kwa sababu iyo hiyo, warejelewa wawe ni watu wanaomfahamu mwombaji kikazi na walioombwa ruhusa mapema. Mrejelewa anayepigiwa simu na kuuliza "ni nani huyo?" huharibu kazi ya kurasa zote zilizotangulia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba swali la kurasa ngapi halijibiwi kwa nambari peke yake. Kurasa mbili zinamtosha mwombaji wa kawaida. Moja inamtosha anayeanza. Ishirini huenda zisimtoshe profesa. Na kwa anayejaza fomu ya tume, hata moja huenda isisomwe. Kinachobaki thabiti ni utaratibu: tangazo lisomwe kwanza, masharti yake yaorodheshwe, kila sharti lijibiwe kwa ushahidi, na kila kisichojibu sharti lolote kiondolewe.

Mababu waliosimama Lundha mwaka wa 1921 walikuwa na karatasi zilizoandikwa na wengine, wasizoweza kuzibadilisha hata nukta. Mhitimu anayeketi leo mbele ya kompyuta ya saiba ana ukurasa mweupe na uhuru wa kuujaza. Hana haja ya kuurefusha ili aogopwe, wala kuufupisha kwa kujidharau. Aandike alichokifanya, mahali alipokifanya na kilicholetwa na kazi hiyo. Kisha aweke nukta.